“Sisi si watu wa kupokea”: mume hataki hela ya watoto

BARUA

Shikamoo Mama,

Naomba ulifiche jina langu, maana Watanzania wa hapa Reading tunajuana mlango kwa mlango. Nina miaka 37, kwetu ni Tanga. Tulihamia Uingereza mwaka 2019 mume wangu alipopata kazi ya uhandisi kwa viza ya kazi. Viza zetu ziliandikwa wazi kuwa haturuhusiwi kutumia fedha za umma, nasi tukalishika sharti hilo kwa miaka mitano. Mwaka 2024 tulipata ukaazi wa kudumu, familia nzima. Tuna watoto watatu: wa kwanza ana miaka 9, alizaliwa Tanga, wa pili ana miaka 6, alizaliwa hapa, wa tatu ana miezi 4.

Nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya wazee tangu tulipofika. Mwaka jana mimba hii ya tatu ilipofika miezi mitatu hali yangu ilikuwa mbaya, nikaacha kazi. Tumekubaliana nibaki nyumbani mpaka huyu mdogo aanze shule. Kwa hiyo sasa tunaishi kwa mshahara wa baba watoto peke yake, pauni 66,000 kwa mwaka kwa mujibu wa P60 yake, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka. Pia kuna nyumba yake Tanga mjini, ambayo tukitoa matengenezo inatuletea kama pauni 2,000 kwa mwaka. Hizo zinabaki hukohuko, anapewa mama mkwe.

Tatizo ni Child Benefit, fedha ambayo serikali ya Uingereza huwalipa wazazi kwa ajili ya watoto, ile wenyewe tunaiita hela ya watoto. Akina mama wengi ninaowajua wanaipata. Nilipomwambia mume wangu tuiombe, alikasirika kwa namna ambayo sijazoea kumwona. Alisema hela hiyo ni ya maskini, na sisi si watu wa kupokea. Alinisomea hadithi ya mkono wa juu kuwa bora kuliko wa chini. Akasema mwenye uwezo akichukua zaka amekula haki ya fukara, na hii haina tofauti. Kisha akamalizia kwa jambo ambalo naona ndilo linalomuuma hasa: kazini kwake kuna watu wanaosema wageni wamekuja hapa kula benefiti, na yeye kwa miaka yote sita amejivunia kuwa hawezi kunyooshewa kidole.

Mama, simdharau. Anafanya kazi sana na hatujalala njaa hata siku moja. Lakini kila nikitaka viatu vya mtoto au nauli ya kumtembelea rafiki lazima niombe, na sijawahi kuomba hela tangu nilipokuwa na miaka 22. Hajawahi kuninyima. Ninachokichoka ni kuomba kwenyewe.

Wifi yangu aliyeko London ananiambia nisisumbuke: hela inaombwa kwa jina la mama, inaingia akaunti ya mama, basi nijaze kimya kimya, mume hatajua. Rafiki mwingine kasema mshahara ukizidi pauni 60,000 hupati kitu, kwa hiyo tunagombana bure. Mwingine ananitisha kuwa tukiomba, maombi yetu ya uraia yatakataliwa.

Je, ni dhambi, au ni aibu, familia kama yetu kuchukua hela hii? Na je, nikiiomba bila kumwambia nitakuwa nimemkosea?

Mama Watatu, Reading


JIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera ya mtoto.

Barua yako ina maswali matatu yaliyosukwa pamoja kama ukili. La kwanza ni la sheria na hesabu: je, mnastahili, na mnabaki na kiasi gani? La pili ni la heshima: je, mwenye mshahara mzuri apokee fedha za serikali? La tatu umelitaja kwa sentensi chache tu ukaliacha, nalo ni la wewe kukaa bila shilingi yako mwenyewe baada ya miaka 15 ya kujitegemea. Nitaanza na hesabu, kwa sababu nyumba nyingi hugombania heshima kabla ya kujua ni kiasi gani kinachogombaniwa.

Rafiki yako wa pauni 60,000 anakumbuka sheria ya zamani. Tangu Januari 2013 mwenye kipato cha zaidi ya pauni 50,000 alianza kurudisha sehemu ya hela hii kwa njia ya kodi, na akifika 60,000 alirudisha yote. Tangu tarehe 6 Aprili 2024 mstari umesogea: urudishaji unaanza juu ya pauni 60,000 na kukamilika kwenye 80,000. Kati ya hapo, kila pauni 200 zinazozidi 60,000 zinarudisha asilimia 1 ya hela ya watoto mliyopokea. Kinachotazamwa ni kipato cha yule mmoja mwenye kipato kikubwa zaidi kati yenu. Vipato vya nyumba havijumlishwi.

Hapo kuna jambo ambalo mumeo akilijua linaweza kumkasirisha zaidi, na atakuwa na haki. Mke na mume wanaopata pauni 59,000 kila mmoja, jumla 118,000, hawarudishi hata peni. Nyinyi wa mshahara mmoja mnarudisha. Serikali iliyopita ilikuwa imeahidi kuanza kutazama kipato cha nyumba nzima, lakini bajeti ya Oktoba 2024 iliuacha mpango huo.

Sasa kwenu. Kwa viwango vya mwaka wa kodi 2025/26, mtoto wa kwanza ni pauni 26.05 kwa wiki na kila anayefuata ni 17.25. Kwa watoto watatu ni pauni 60.55 kwa wiki, yaani 3,148.60 kwa wiki 52. Hulipwa kila baada ya wiki nne, kwenu itakuwa 242.20 kwa mkupuo.

Kipato cha mumeo umekiandika 66,000, lakini ile nyumba ya Tanga nayo inahesabiwa. Mkaazi wa Uingereza hutozwa kodi kwa kipato chake cha dunia nzima, hata kama fedha haijawahi kuvuka bahari na anaila mama mkwe. Utaratibu wa zamani uliowaruhusu baadhi ya watu wenye asili ya nje kutolipia mapato waliyoyaacha nje ulifutwa tarehe 6 Aprili 2025. Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni 68,000. Zimezidi kwa 8,000. Gawanya kwa 200 unapata 40. Mumeo atarudisha asilimia 40, yaani pauni 1,259 kwa mwaka mzima, na nyumbani kwenu zitabaki kama 1,889. Kwa mwaka wa kwanza hesabu hii inafanywa kwa wiki mlizolipiwa tu.

(Kama pato hilo la pango halijawahi kutajwa kwa HMRC, ofisi ya kodi ya Uingereza, hilo ni jambo la kurekebisha hata kama hamtaiomba hela ya watoto. Kuna utaratibu wa mtu kujitangaza mwenyewe kuhusu mapato ya nje, na anayejitangaza hutendewa kwa wepesi kuliko anayefuatwa. Tafuteni mhasibu kwa miaka ya nyuma. Kodi mliyokwisha kulipa Tanzania kwa pango hilohilo kwa kawaida hupunguzwa kwenye ya Uingereza, kwa hiyo tunzeni risiti za TRA.)

Sasa nije kwa wifi yako, kwa sababu ushauri wake ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Amesema kweli nusu. Ombi linajazwa kwa jina lako na fedha inaingia akaunti yako. Lakini deni la kurudisha linamwangukia mwenye kipato kikubwa, hata kama hakujaza fomu, hata kama hakuiona hiyo fedha. Kisheria mumeo ndiye anayepaswa kuiarifu HMRC ifikapo tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka wa kodi kwisha. Asipofanya hivyo kwa kuwa hajui, siku moja atapokea barua ya deni la miaka miwili au mitatu kwa pamoja, na riba, na huenda na faini juu yake. Mtu aliyejivunia miaka sita kutonyooshewa kidole atakuwa amenyooshewa na ofisi ya kodi, na mkono uliomfikisha hapo ni wa mkewe. Umeniuliza kama utakuwa umemkosea. Jibu hilo unalijua wewe kuliko mimi, lakini usiende ukidhani ni siri inayoweza kudumu.

Kuhusu uraia: wenye ukaazi wa kudumu hawana tena lile sharti la fedha za umma. Kuipokea kihalali si kosa na haiharibu maombi. Kinachoharibu ni udanganyifu, au madeni ya kodi yaliyofichwa. Lakini msomaji mwingine ambaye viza yake bado ina sharti hilo asiichukue barua hii kuwa ruhusa: kwake Child Benefit ni fedha za umma, na kuiomba ni kuvunja masharti ya viza. Aonane kwanza na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, hasa kipindi hiki ambacho sheria za ukaazi zinabadilika badilika.

Tuje kwenye heshima. Sitaki kumfanya mumeo aonekane mtu wa kiburi, kwa sababu nikiisoma hoja yake taratibu naona ina mizizi. Ila imechanganya vitu viwili. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura ya Tawba, aya ya 60, na mwenye uwezo akiila kweli amekula ya mwingine, maana mfuko ni mmoja. Hela ya watoto haina mfuko wa namna hiyo. Msipoiomba, inabaki hazina. Hakuna karani anayechukua pauni zenu 60.55 na kumpelekea mama mwingine mwenye shida mtaa wa pili. Hukumu ya dini mkamuulize sheikh mnayemwamini, lakini mumweleze jambo lenyewe lilivyo, msimpelekee neno “benefiti” peke yake.

Nalo lilivyo ni hivi. Fedha hii ilianza kulipwa Agosti 1946 kwa sheria ya 1945, shilingi 5 kwa wiki kwa kila mtoto baada ya wa kwanza, tajiri na maskini sawasawa. Muswada ulipofika bungeni ulisema alipwe baba. Eleanor Rathbone, mbunge aliyekuwa ameipigania kwa zaidi ya miaka 20, alikataa, na bunge likageuza: alipwe mama. Kisha kati ya 1977 na 1979 ikaundwa upya kuwa Child Benefit, na hapa ndipo penye hoja ambayo mhandisi anaweza kuipenda. Kabla ya hapo baba mwenye watoto alikuwa na nafuu ya kodi kwenye mshahara wake. Nafuu ile ilifutwa, na mahali pake ikawekwa fedha taslimu anayopewa mama. Kwa hiyo sehemu ya hela hii kwa asili yake ni nafuu ya kodi iliyohamishwa kutoka mfuko wa baba kwenda mkoba wa mama. Mumeo hajawahi kuirudisha ile sehemu ya mshahara isiyotozwa kodi, pauni 12,570 za kwanza, kwa madai kwamba ni ya maskini.

Mtu akiuliza mumeo analipa nini, kwa mshahara wa 66,000 kodi na National Insurance (michango ya hifadhi ya jamii) kwa mwaka 2025/26 vinapita pauni 17,000. Hoja hiyo lakini naitoa kwa tahadhari. Ukianza kusema “tunastahili kwa sababu tumelipa”, umekubali bila kujua kwamba asiyelipa hastahili, na hiyo ndiyo sentensi yenyewe wanayoitumia wale wanaomsema kazini.

Na upande wa mumeo pia una nguvu. Tangu 2013 serikali yenyewe imesema kuna kiwango ambacho juu yake familia iisaidie hazina kwa kuirudisha. Mtu anayesema “mimi niko karibu na kiwango hicho, niacheni niiache yote” hajasema upuuzi. Ana haki ya kuiacha. Swali ni kama ana haki ya kuiacha kwa niaba yako, kwa sababu kuna kitu kingine ndani ya fomu ileile ambacho ni chako peke yako.

Kitu hicho ni pensheni yako. Anayeomba Child Benefit kwa mtoto aliye chini ya miaka 12, na hafanyi kazi, huandikiwa mwaka wa National Insurance kana kwamba amechangia. Pensheni kamili ya serikali inahitaji miaka 35, na chini ya miaka 10 hupati chochote. Kwa 2025/26 pensheni kamili ni pauni 230.25 kwa wiki, kwa hiyo kila mwaka mmoja una thamani ya kama pauni 6.58 kwa wiki, au 342 kwa mwaka, kwa maisha yako yote baada ya kustaafu. Wewe umefanya kazi tangu 2019, una kama miaka sita. Ukikaa nyumbani miaka mitano bila fomu hii, unapoteza kama pauni 1,710 za kila mwaka wa uzee wako. Kununua mwaka mmoja uliokosekana kwa hiari ni pauni 923 kwa viwango vya 2025/26. Kwa fomu hii unaupata bure. Kama mnafikiria kurudi Tanga mapema, miaka hii ina uzito zaidi, kwa kuwa hamtakuwa na muda wa kuifidia. Na jueni kuwa anayepokea pensheni ya Uingereza akiwa Tanzania haongezewi kila mwaka. Inagandishwa kwenye kiwango alichoanza nacho.

Hapa ndipo kosa la kawaida linapotokea katika nyumba zetu. Mume, kwa kuwa ndiye anayeshughulika na makaratasi, anajiandika yeye kuwa mwombaji. Miaka inaandikwa kwake, naye ameshaipata kazini, na mama anabaki mtupu. Kuna fomu ya kuihamisha, lakini ni usumbufu usio na sababu. Mwombaji awe wewe.

Sasa angalia mlango ambao pengine hamkuuona. Fomu inamruhusu mtu kuomba na kusema hataki kulipwa. Ukifanya hivyo mumeo hapokei hata peni, harudishi kitu, hana la kusemwa na mtu. Wewe unaandikiwa miaka yako, na kila mtoto atapelekewa namba yake ya National Insurance anapokaribia miaka 16 bila kuanza kuhangaika. Gharama yake ni zile pauni 1,889 mlizoziacha kwa mwaka. Mkibadili mawazo baadaye, malipo yanaweza kuanzishwa. Ukiniuliza, hili ndilo la chini kabisa ambalo ningependa mlifikirie kwa uzito, na wiki hii, kwa sababu ombi hurudi nyuma miezi 3 tu. Miezi yote tangu mlipopata ukaazi hadi hapo imekwenda.

Mlango wa pili ni kupokea na kurudisha kama sheria inavyosema. Zamani hilo lilimlazimu mumeo kujaza ritani ya kodi kila mwaka. Tangu 2025 mtu aliyeajiriwa anaweza kuomba ikatwe kwenye mshahara wake kupitia namba yake ya kodi. Lakini kwa kuwa ana pango la Tanga, huenda ritani ikamhusu kwa vyovyote, na tarehe ya mwisho kwa njia ya mtandao ni 31 Januari. Hatari ya njia hii ni ya kibinadamu: fedha inaingia kwako kidogo kidogo na kutumika, bili inakuja kwake kwa mkupuo mwezi wa Januari, na hapo ugomvi unazaliwa upya. Wanaofanikiwa huitenga mapema. Kwenu ni kama pauni 97 kila malipo ya wiki nne, ziwekwe kando tangu siku ya kwanza.

Mlango wa tatu unamfaa mtu wa hesabu. Kinachotazamwa ni kipato baada ya kutoa michango ya pensheni na sadaka fulani. Tuseme mumeo anaongeza pauni 2,400 mwaka huu kwenye mfuko wa pensheni ambao unadai nafuu ya kodi wenyewe. Mfuko unaongeza 600, zinakuwa 3,000. Kipato chake cha hesabu hii kinashuka hadi 65,000, urudishaji unashuka kutoka asilimia 40 hadi 25, yaani kutoka 1,259 hadi 787. Anadai pia pauni 600 nyingine za nafuu kwa kuwa yuko kwenye kodi ya asilimia 40. Mfukoni zimemtoka kama 1,328, na kwenye pensheni zimeingia 3,000. Angalizo: kama michango ya kazini hukatwa kabla ya kodi, P60 imeshaitoa, asiitoe mara ya pili, kosa hilo ni la kila siku. Fedha hiyo hataigusa mpaka miaka 57, kwa hiyo isiwe ile ya dharura. Na kama anaogopa riba, mifuko mingi ya pensheni ina fungu la kisharia, aulize.

Na kama moyo wake unasema kweli fedha hii iende kwa wahitaji, ipo njia ya kuifikisha, maana kuiacha hazina hakuifikishi. Akitoa pauni 800 kwa msikiti au shirika la hisani lililosajiliwa Uingereza na kujaza tamko la Gift Aid, linaloliruhusu shirika kudai serikalini kodi ya sadaka hiyo, shirika linapata 1,000, na kipato chake cha hesabu hii kinashuka kwa 1,000. Anayotumiwa mama mkwe au shangazi Tanga hayahesabiwi, hata yawe sadaka kubwa namna gani. Hapo mkono wa juu unabaki kuwa wake.

Kabla sijasahau, nawe hukuuliza. Uliacha kazi ukiwa na mimba ya miezi mitatu, kwa hiyo mwajiri hakudaiwa malipo ya uzazi. Lakini ipo Maternity Allowance, posho ya uzazi inayolipwa na serikali. Aliyefanya kazi angalau wiki 26 katika zile 66 kabla ya tarehe ya kujifungua, na kupata pauni 30 au zaidi kwa wiki katika wiki 13 kati ya hizo, anaweza kustahili hadi pauni 187.18 kwa wiki, kwa viwango vya 2025/26, kwa wiki zisizozidi 39. Kipato cha mume hakiangaliwi kabisa, na hairudishwi kwa kodi. Ni haki iliyotokana na kazi yako na michango yako, si msaada kwa maskini. Ombi lake nalo hurudi nyuma miezi 3 tu, na mwanao ana miezi 4, kwa hiyo wiki kadhaa zimeshapotea na nyingine zinapotea unaposoma hapa. Fomu ni MA1. Utahitaji hati ya MATB1 kutoka kwa mkunga na karatasi zako za mshahara. Ningeanza na hii hata kabla ya hela ya watoto, kwa sababu ni kubwa zaidi na haina ubishi.

Sasa lile swali la tatu. Umeandika kwamba hajakunyima, na kwamba unachokichoka ni kuomba kwenyewe. Nimejiuliza kama mumeo amewahi kuisikia sentensi hiyo. Alichosikia huenda ni “tuombe serikali”, akahisi umesema mshahara wake hautoshi. Huenda yeye anatetea jina lake na wewe unatetea mkoba wako, na wote mnaita ugomvi huo Child Benefit. Hata mkiipata hela yote, kama kuomba kunabaki kulekule, utakuwa umepata pauni 36 kwa wiki na tatizo lako liko palepale. Na hata asipoikubali kabisa, hakuna kinachomzuia kupanga kiasi fulani kiingie akaunti yako kila mwezi bila ya wewe kunyoosha mkono. Mweleze hilo kwanza, peke yake, siku ambayo hamjataja serikali. Kisha siku nyingine mkae na P60 na kalamu. Muulize pia ni nani hasa aliyesema nini kazini. Mtu huzungumza tofauti akiulizwa jeraha kuliko akipingwa hoja.

Mkikubaliana kujaza, fanyeni mtandaoni au kwa programu ya HMRC ya simu. Andaa namba yako ya National Insurance na ya mumeo, namba ya akaunti yako, na cheti cha kuzaliwa cha mdogo. Kwa wa kwanza aliyezaliwa Tanga wanaweza kutaka cheti chenyewe cha RITA na pasipoti kwa posta. Piga kopi zote kwanza, tuma kwa posta ya kusajiliwa, na usipange safari ya kwenda nyumbani mpaka pasipoti ya mtoto irudi.